Anajua Kuitafuta, Hajui Anatafuta Nini

Likizo iliyopita nilikuwa nimeketi barazani mwa duka moja pale Chepseon, kando ya barabara kuu itokayo Kericho kwenda Nakuru, nikingoja mvua ya alasiri ipite, ndipo binti wa jirani yangu aliponijia na karatasi mkononi. Binti huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika mojawapo ya vyuo vikuu vyetu vya umma, na anasomea ualimu wa hisabati na fizikia. Karatasi aliyoileta ilikuwa ya jaribio la kalkulasi, somo ambalo wanafunzi wa hisabati, uhandisi na sayansi hukutana nalo mlangoni mwa chuo kikuu, kabla hata hawajaizoea njia ya kwenda maktabani.

Nusu ya kwanza ya karatasi ile ilipendeza. Kila jibu lilikuwa sahihi, na hati ilikuwa safi. Nusu ya pili ilikuwa imejaa wino mwekundu. Nilipoyasoma maswali nikaelewa. Yale ya mwanzo yalimtaka atumie kanuni. Yale ya mwisho yalimtaka aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, jibu alilolipata lina maana gani. Hapo alikuwa ameandika sentensi moja, akaifuta, akaandika nyingine, akaifuta nayo.

"Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii mimi najua kuitafuta. Lakini sijui ninatafuta nini."

Msomaji, nimefundisha hisabati katika shule za upili kwa takriban miaka 30, na sijasikia ugonjwa wa somo letu ukielezwa kwa ufupi na ukweli kama huo. Maneno yale yalinichoma, kwa sababu mwalimu aliyemfundisha binti huyu katika Kidato cha Nne nilimfundisha mimi. Ninajua alichomwambia, kwa kuwa ndicho nilichomwambia yeye. Nami nilimwambia nilichokuwa nimeambiwa. Kosa hilo limetembea kwa vizazi vitatu, na sasa limerudi barazani kunidai. Leo nataka kulikiri hadharani, kisha niwaombe walimu na wahadhiri wenzangu tushirikiane kulikomesha.

Tulichoambiana ni kanuni yenye maneno machache: shusha kipeo, kisha upunguze moja. Ukipewa x kipeo cha tatu, andika tatu mara x kipeo cha pili. Ukipewa x kipeo cha tano, andika tano mara x kipeo cha nne. Mwanafunzi wa miaka 17 huikariri kanuni hii kwa dakika tano, na baada ya dakika kumi tayari anajiona bingwa. Mwalimu naye hufurahi, maana mada imekwisha na silabasi imesonga. Lakini muulize bingwa huyo kile alichokiandika ni kitu gani hasa. Je, ni urefu? Ni eneo? Ni uzito? Ni mwendo? Atakutazama kana kwamba umemuuliza rangi ya Jumatano.

Si kwamba walimu wa Kidato cha Nne ni wavivu. Mada hii iliwekwa karibu na ukingoni mwa silabasi ya mfumo wa 8-4-4, wakati ambapo shule nzima inakimbizana na mitihani ya majaribio, na siku za kufundisha zinahesabika kwa vidole. Isitoshe, katika kila karatasi ya hisabati ya KCSE, sehemu ya pili huwa na maswali 8, na mtahiniwa huchagua 5 tu. Mwanafunzi mwerevu huhesabu haraka kwamba swali zito la kalkulasi, likitokea huko, anaweza kuliruka. Hivyo mada ambayo ndiyo lango la sayansi yote ya kisasa hugeuka kuwa swali la hiari, linalofundishwa kwa haraka kwa watu walio tayari kuliacha.

Hapo zamani mambo hayakuwa hivyo, na ni vyema vijana wetu wakajua. Chini ya mfumo uliotangulia, mwanafunzi aliyetaka kusomea hisabati chuoni alipitia kwanza Kidato cha Tano na cha Sita. Kwa muda wa miaka miwili aliishi na kalkulasi. Aliichora, akaikosea, akairudia, akaizoea. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, madarasa hayo mawili yalitiwa kaburini. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989, na mwaka 1990 kundi la kwanza la mfumo mpya likabisha hodi katika vyuo vikuu. Hata nimtaje kwa wema kiasi gani aliyebuni mpango huo, ukweli ni kwamba miaka miwili ya kuelewa iliondolewa, na kazi yake ikarundikwa juu ya kozi moja ya muhula mmoja katika mwaka wa kwanza wa chuo.

Mimi nilifika chuoni muda mfupi baada ya kundi hilo. Nakumbuka ukumbi uliojaa hadi ngazini. Nakumbuka mhadhiri aliyeingia bila salamu, akaandika ubaoni herufi mbili za Kigiriki, epsiloni na delta, akaendelea kuandika mpaka kengele ilipolia. Alikuwa msomi wa kweli, wala simlaumu kwa elimu yake. Alifundisha kana kwamba bado tulikuwa wale wanafunzi wa Kidato cha Sita aliowazoea. Kile alichodhani tunakijua ndicho tulichokuwa tumekuja kukitafuta. Hakuna aliyeinua mkono. Nani angethubutu, mbele ya mamia ya watu, kusema kwamba hajui hata swali linauliza nini? Tulirudi mabwenini, tukakariri, tukafaulu, tukapewa digrii, tukatumwa madarasani. Huko tukafundisha tulichokuwa nacho: shusha kipeo, kisha upunguze moja.

Basi siku ile barazani niliamua kwamba, angalau mara moja, nitafundisha jambo hili kama nilivyotamani kufundishwa. Nikamwonyesha binti yule matatu iliyokuwa imesimama ikingoja abiria. Nikamwambia, "Mbele ya dereva kuna vitu viwili. Kuna tarakimu zinazohesabu kilomita ambazo gari limetembea tangu lilipoundwa, na kuna mshale unaoonyesha kasi. Tuseme matatu hii imetembea kilomita 30 kwa dakika 40. Kasi yake ya wastani ni ngapi?" Akajibu mara moja: kilomita 45 kwa saa. "Je, mshale ulisimama kwenye 45 safari nzima?" Akacheka. Alijua, kama ajuavyo kila msafiri wa barabara ile, kwamba penye mlima gari lilijikokota, penye mteremko likakimbia, na kituoni likasimama kabisa. "Basi mshale unapima nini?" nikamuuliza. Akafikiri. "Unapima kasi ya wakati ule ule," akasema.

Hicho ndicho kitu alichokuwa akikitafuta bila kukijua. Kalkulasi, katika sehemu yake ya kwanza, ni elimu ya kutoka kwenye tarakimu za kilomita hadi kwenye mshale wa kasi. Ukijua gari lilikuwa wapi katika kila dakika, unaweza kujua lilikuwa na kasi gani katika nukta yoyote. Na kinachosemwa juu ya gari chaweza kusemwa juu ya kila kinachobadilika: joto la chai kikombeni, urefu wa mti, idadi ya watu, bei ya sukari.

Lakini mfano wa matatu peke yake hautoshi. Mwanafunzi wa hisabati lazima aone hesabu ikifanya kazi. Nikamkumbusha mchezo wa watoto wa kuliviringisha gurudumu kuukuu mlimani. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba umbali ambao gurudumu limekwenda, kwa mita, ni mraba wa sekunde zilizopita tangu liachiliwe. Baada ya sekunde 10 limekwenda mita 100. Swali ni hili: katika sekunde ile ya 10, lina kasi gani?

Tukaanza kwa kupima kipande cha safari. Kutoka sekunde ya 10 hadi ya 11, gurudumu linatoka mita 100 hadi mita 121. Hiyo ni mita 21 kwa sekunde. Lakini kipande hicho ni kirefu, na kasi imeongezeka humo humo ndani. Tukakifupisha. Kutoka sekunde 10 hadi 10.1, linatoka mita 100 hadi 102.01. Gawanya mita 2.01 kwa 0.1, upate 20.1. Tukakifupisha tena. Kutoka sekunde 10 hadi 10.01, linatoka mita 100 hadi 100.2001, ukigawanya, utapata 20.01. Hapo binti akaninyang'anya kalamu. "Halafu itakuwa 20.001," akasema, kabla hajahesabu. "Inakwenda kwenye 20."

Nikamwambia arudi sasa kwenye kanuni yake. Mraba wa t ukishushiwa kipeo na kupunguzwa moja ni mbili mara t. Na t ikiwa 10, jibu ni 20. Alilitazama jibu lile kwa muda mrefu. Alikuwa ameliandika mara mia katika maisha yake, na ilikuwa mara ya kwanza kukutana nalo.

Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. "Mwalimu, mbona hatukuweka tu sifuri? Kama kile kipande cha muda si sifuri, basi hiyo 20 si kasi ya nukta ile, ni ya karibu yake. Na kama ni sifuri, tumegawanya kwa sifuri, na tangu shule ya msingi tumekatazwa." Nikamuuliza kama alikuwa amewahi kumuuliza mhadhiri wake swali hilo. Akatikisa kichwa. Aliona haya. Alidhani ni swali la mjinga.

Swali la mjinga! Mwaka 1734, askofu mmoja wa Ireland aitwaye George Berkeley alichapisha kitabu kizima akiwauliza wanahisabati wa Ulaya swali hilo hilo. Isaac Newton alikuwa ameyapata mawazo ya msingi ya elimu hii karibu miaka 70 kabla yake, wakati tauni ilipofunga Chuo Kikuu cha Cambridge naye akarudi nyumbani kijijini. Gottfried Leibniz, Mjerumani, aliyafikia kwa njia yake mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1684. Wanahisabati walikuwa wakiitumia elimu hiyo kuhesabu mizunguko ya sayari, na majibu yalikuwa sahihi. Hata hivyo, askofu aliwakumbusha kwamba walikuwa wakikichukua kiasi kidogo, wakakigawanyia kana kwamba kipo, kisha wakakitupa kana kwamba hakikuwapo kamwe. Aliwataka waseme kama kipo au hakipo.

Wakubwa wale hawakuwa na jibu safi. Lilikuja polepole, na hatua kubwa ilipigwa mwaka 1821, pale Augustin-Louis Cauchy alipochapisha kitabu kilichoijenga kalkulasi juu ya wazo la kikomo. Hatuweki sifuri, bali tunauliza jibu linaelekea wapi kadiri kipande kinavyokaribia sifuri. Katika mfano wetu wa gurudumu, ukikiita kipande hicho h, mita zilizoongezeka ni 20h jumlisha mraba wa h. Ukigawanya kwa h, wakati h bado ipo, unabaki na 20 jumlisha h. Sasa iache h ipungue utakavyo. Jibu litaikaribia 20 utakavyo. Hiyo 20 ndiyo kikomo. Na zile herufi za Kigiriki zilizotutisha ukumbini, epsiloni na delta, kazi yake ni kusema kwa ukamilifu maneno hayo mawili: "utakavyo" na "utakavyo".

Kutoka mwaka 1684 hadi 1821 ni miaka 137. Akili kubwa kabisa za Ulaya zilihitaji muda huo ili kulijibu vizuri swali ambalo binti wa Chepseon alikuwa akilionea haya. Nasi tunataka alimeze jibu katika juma la pili la muhula, bila kwanza kumruhusu aulize swali. Jambo jingine ambalo wahadhiri wetu wangefaa kulikumbuka ni kwamba kitabu kile cha Cauchy kilitokana na mafunzo aliyoyatoa kwa wanafunzi wake katika chuo cha École polytechnique jijini Paris. Msingi imara wa elimu hii ulijengwa na mwalimu aliyekuwa akitayarisha somo la darasani. Basi asitokee mtu akasema kwamba kufundisha mwaka wa kwanza ni kazi duni ya kuachiwa asiye na la kufanya.

Nawasikia wenzangu wakipinga, na pingamizi zao si za kudharauliwa. Wengine watasema kwamba kanuni hutangulia na maana hufuata. Kwamba hata jedwali la kuzidisha tulilikariri kwanza, tukalielewa ukubwani. Kuna ukweli hapo. Mazoezi hayaepukiki, na mwanafunzi asiyeweza kutumia kanuni kwa wepesi hatafika mbali. Lakini mtoto anayekariri kwamba tatu mara nne ni 12 anaweza kuzipanga kokoto zake chini akaziona. Yule anayekariri kanuni ya vipeo hana kokoto. Siku swali litakapobadilisha vazi, likaja kwa maneno badala ya alama, atakwama, kama binti yule alivyokwama katika nusu ya pili ya karatasi.

Wengine watasema kwamba mifano ya matatu na magurudumu inaishusha hadhi hisabati. Kwao nasema: waulizeni watu wa barabara hii kama kasi ya nukta moja ni mchezo. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lililokuwa likienda upande wa Kericho liliacha njia likavamia magari, wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walifariki. Katika mgongano, kasi ya wastani ya safari haihusiki. Kinachohusika ni ile iliyokuwapo katika nukta ile. Tena nguvu za mwendo hukua kwa mraba wa kasi: gari likiongeza kasi maradufu, nguvu inayopaswa kuzuiwa na breki huongezeka mara nne. Anayeelewa jambo hili kwa undani anaelewa kwa nini sheria huweka mipaka ya mwendo, na kwa nini kuzidisha kidogo si kosa dogo.

Au watazame majirani zao wakulima wa chai. Mkulima mdogo anaponunua mbolea, swali lake ni la kalkulasi, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo. Mfuko wa kwanza wa mbolea huongeza majani mengi; wa pili huongeza, lakini si kama wa kwanza; wa tatu huongeza kidogo zaidi. Akiuliza ni lini chai yake itakuwa nyingi kuliko wakati wowote, anatafuta mahali ambapo nyongeza imefikia sifuri. Lakini mkulima mwenye busara hafiki huko. Husimama mapema, pale ambapo thamani ya majani yanayoongezwa na mfuko mmoja inalingana na bei ya mfuko wenyewe. Mwanafunzi aliyefundishwa hivi hatasahau tofauti kati ya kiasi cha juu kabisa na faida ya juu kabisa. Naye akirudi nyumbani, ana la kumwambia mzazi aliyemlipia karo.

Wapo pia watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Hili nalikataa. Mwendo, kasi, mteremko, badiliko, kikomo, kukaribia: haya yote tunayo, na mazungumzo yangu na binti yule yalifanyika kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sisemi mtihani uandikwe kwa Kiswahili kesho asubuhi. Nasema kwamba Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi sambamba na Kiingereza, na hakuna dhambi kwa mwalimu kutua kalamu, akaeleza wazo kwa lugha ambayo mwanafunzi huitumia kufikiri, kisha akarejea kwenye lugha ya kitabu. Mara nyingi tunadhani mwanafunzi ameshindwa na hisabati, kumbe ameshindwa na sentensi.

Tufanye nini basi? Kwa walimu wenzangu wa shule za upili, ombi langu ni kipindi kimoja tu. Kabla ya kuandika kanuni ubaoni, tumia kipindi kizima bila kanuni yoyote. Leta jedwali la gurudumu, au la maji yanayojaa pipani, na wanafunzi wafupishe vipande hadi walione jibu likikaribia kikomo chake. Kisha waache wao wenyewe waigundue kanuni, kwa kutafuta kasi katika sekunde ya 3, ya 5 na ya 10. Wataona 6, 10 na 20, na yupo atakayepaza sauti kwamba ni mara mbili. Kipindi hicho hakitakucheleweshea silabasi. Kitakuokolea vipindi vitatu vya kurudia.

Kwa wahadhiri, naomba mambo mawili. Kwanza, vikundi vidogo vya mazoezi kila juma, ambamo mwanafunzi anaweza kuuliza bila kutazamwa na mamia. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wanaosomea ualimu wanaweza kuviongoza vikundi hivyo chini ya usimamizi, nao watafaidika kuliko hao wanaowaongoza. Pili, katika kila mtihani liwepo swali linalodai maelezo kwa maneno, na lipewe alama za kutosha ili lisidharauliwe. Mwanafunzi husoma kile kinachotahiniwa. Tukitahini maana, ataitafuta maana. Mhadhiri wa binti yule, simjui, lakini kwa kuweka nusu ile ya pili katika jaribio lake alitenda haki. Kilichobaki ni kuifundisha kabla ya kuitahini.

Kwa wanafunzi, nasema: acheni kuona haya. Unapokwama katika kalkulasi, yamkini umekwama mahali walipokwama watu wakubwa kuliko mimi na wewe. Kila unapopata jibu, jiulize ni jibu la nini, na linapimwa kwa nini: mita, au mita kwa sekunde? Ukishindwa kusema, hujamaliza swali, hata kama kitabu kinakubaliana nawe.

Ninayasema haya sasa kwa sababu wakati unatukimbia. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na kundi hilo ndilo linalotarajiwa kufanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Vijana wa mtaala wa umilisi wanatarajiwa kuanza kuingia vyuo vikuu mwaka 2029, wakiwa wamepitia shule ya upili ya miaka mitatu na mikondo tofauti ya masomo. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba katika shule hizo za ngazi ya juu kutakuwa na hisabati za aina mbili, moja kwa wa mkondo wa sayansi na nyingine kwa waliobaki. Yaani, kwa mara ya pili katika maisha yangu, anayebisha hodi mlangoni mwa chuo amebadilika. Mwaka 1990 sisi tulibisha, na waliotufungulia walidhani ni wale wa jana. Gharama ya kosa hilo hatukuilipa peke yetu. Waliilipa wanafunzi wetu, na wanafunzi wa wanafunzi wetu, hadi ikamfikia binti mwenye karatasi barazani.

Wahadhiri wa hisabati na walimu wa shule za upili wangekutana leo, si mwaka 2029, wakaulizana kwa uwazi: huyu kijana atakuja na nini, na sisi tutaanza naye wapi? Mkutano kama huo hauhitaji mfadhili wala hoteli ya Mombasa. Chumba chochote cha mikutano mjini Kericho kingetosha, na birika la chai.

Mvua ilipokatika, binti yule aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Miaka mitatu hivi kutoka sasa, Mungu akipenda, atasimama mbele ya darasa la kwanza katika maisha yake, na atafika kwenye mada hii. Kabla hajaondoka nilimuuliza ataianzaje. Akaitazama barabara, ambako lori la majani ya chai lilikuwa likipanda kilima kwa shida, injini ikilalama.

"Nitawauliza," akasema, "lile lori lina kasi gani sasa hivi, na wamejuaje."